Kinachosikika Mnarani na Kisichosikika

Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua katika uwanja wa Ronald Reagan, Washington, iligongana na helikopta ya jeshi la Marekani juu ya Mto Potomac. Watu wote 67 waliokuwa ndani ya vyombo hivyo viwili walifariki dunia. Wapiga mbizi walikuwa bado wanahangaika katika maji yenye baridi kali, na tayari mazungumzo ya redio kati ya mnara wa kuongozea ndege na marubani yalikuwa yanasambaa mitandaoni. Mtu mwenye simu, awe Mombasa, Muscat au Minneapolis, aliweza kumsikia mwongoza ndege akiwauliza wa helikopta kama wanaiona ile ndege ya abiria, kisha akiwaagiza wapite nyuma yake. Sauti ni tulivu, haina papara. Sekunde chache baadaye inasikika miguno ya mshtuko ya watu waliokuwa mnarani. Kulipopambazuka, wasikilizaji wengi walikuwa wameshatoa hukumu: waliambiwa wapite nyuma, hawakupita, kosa ni lao.

Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Februari, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilieleza kilichokuwamo katika kinasa sauti cha helikopta yenyewe. Agizo la kupita nyuma ya ndege lilitolewa sekunde 17 hivi kabla ya mgongano. Lakini maneno yenyewe ya kupita nyuma huenda hayakuwafikia kabisa marubani wa helikopta, kwa kuwa wakati huohuo wao walikuwa wamebonyeza kitufe cha redio ili wazungumze. Walikibonyeza kwa sekunde 0.8. Dakika chache kabla ya hapo, mnara ulikuwa umewaarifu kwamba ndege ya abiria inazunguka ili itue katika njia nyingine; neno hilo la kuzunguka nalo halisikiki katika kinasa cha helikopta. Maana yake ni kwamba msikilizaji aliyekuwa nyumbani, maelfu ya kilomita kutoka mtoni, alisikia maneno ambayo pengine aliyeambiwa hakuyasikia. Hukumu ile ya alfajiri ilijengwa juu ya dhana ambayo hakuna aliyeikagua, kwamba likisemwa hewani, limefika.

Mazoea ya kusikiliza redio za minara wakati wa ajali na misukosuko ya usafiri wa anga yamekua mno, na yataendelea kukua. Ninachotetea hapa ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, masikio ya wananchi katika mawimbi hayo ni jambo jema, na kuyaziba kungekuwa hasara. La pili, rekodi ya mnara ni mwanzo wa swali, haijawahi kuwa jibu, na anayeichukulia kama hukumu huwadhulumu wafu na walio hai kwa pamoja. Ili kuona kwa nini, ni lazima kwanza kuelewa redio hii inafanyaje kazi.

Mawasiliano ya ndege za kiraia yanapita katika masafa ya kati ya megahezi 118 na 137, juu kidogo ya pale zinaposikika stesheni zetu za FM. Si simu ya mtu na mtu. Ni kama baraza moja ambamo ndege zote za eneo hilo zimeketi pamoja na mwongoza ndege wao, na kila anachosema mmoja wote wanakisikia. Ila baraza hili lina sharti gumu: asemaye hawezi kusikia, na wawili hawawezi kusema kwa wakati mmoja. Rubani anabonyeza kitufe, anasema, anakiachia, ndipo anasikiliza. Wawili wakibonyeza pamoja, wengine husikia mlio mkali wa kukwaruza, au vipande vya maneno. Kwa sababu hiyo, tangu zamani marubani wamefundishwa kurudia agizo walilopewa. Mnara ukisema teremka hadi futi 3,000, rubani hurudia futi 3,000 pamoja na jina la ndege yake, na mwongoza ndege husikiliza marudio hayo ili arekebishe kosa. Asiyesikia vizuri huomba arudiwe. Kwetu tunasema kuuliza si ujinga. Angani kuuliza ni wajibu, na asiyeuliza ndiye wa kuogopwa.

Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege iliyo juu husikika mbali sana, lakini mnara uliojificha nyuma ya kilima au majengo hausikiki. Anayetaka kusikiliza huhitaji kipokeaji kidogo cha redio na antena juu ya paa. Kwa miaka zaidi ya 20 sasa wapenzi wa jambo hili wamekuwa wakiunganisha vipokeaji vyao na intaneti ili dunia nzima isikie, na mtandao wa LiveATC ndio unaojulikana zaidi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kipokeaji kimoja mara nyingi hupokezana kati ya masafa kadhaa: kikimnasa anayesema huku, kinamkosa anayesema kule. Kwa hiyo rekodi inayotufikia si kila kilichosemwa, wala si kila kilichosikika na yule aliyehusika. Katika ajali ya Potomac, helikopta na ndege ya abiria zilikuwa katika masafa mawili tofauti. Mwongoza ndege alisikika kote kuwili, lakini marubani wa upande mmoja hawakuwasikia wa upande wa pili. Anayecheza rekodi iliyounganishwa humwona kila mmoja barazani. Wahusika wenyewe walikuwa vyumba viwili vyenye ukuta katikati.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa hatari ya maneno yanayogongana ni wa Tenerife, katika visiwa vya Canary vya Hispania. Tarehe 27 Machi 1977, bomu lililolipuka katika uwanja wa kisiwa jirani lilizilazimisha ndege kadhaa kutua Los Rodeos, uwanja mdogo uliokuwa umefunikwa na ukungu. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa katika njia ileile ya kurukia, na mnara haukuweza kuziona. Msaidizi wa rubani wa KLM alitamka hewani maneno ya Kiingereza yenye utata, kwamba sasa wako katika kuruka. Mwongoza ndege alijibu sawa, akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza kuwa wasubiri, atawaita. Wakati huohuo marubani wa Pan Am walikuwa wanasema kwamba bado wako njiani. Kauli hizo mbili zilipatana hewani, na kilichosikika ndani ya chumba cha marubani wa KLM ni neno sawa, likifuatiwa na mlio wa kukwaruza wa sekunde chache. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi. Kutokana na msiba huo, neno la kuruka likawekewa mpaka katika lugha ya redio: halitamkwi ila pale kibali chenyewe cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kwingine kote hutumika neno la kuondoka.

Lakini hata mkasa wa Tenerife, unaoonekana kama mkasa wa redio tupu, usingeeleweka kwa redio peke yake. Kinasa sauti cha chumba cha marubani ndicho kilichoonyesha kwamba fundi wa ndege ya KLM aliingiwa na shaka. Aliuliza kama yule wa Pan Am hajatoka njiani, rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kuwa ametoka, na mwendo ukaendelea. Mnara haukuyasikia mazungumzo hayo. Msikilizaji yeyote mwenye antena asingeyasikia. Penye fundi mwenye shaka na mkubwa wake mwenye uhakika, ndipo uchunguzi ulipopata somo lililobadilisha mafunzo ya marubani duniani: kwamba mdogo ajengwe awe na sauti mbele ya mkubwa, na mkubwa ajengwe awe na sikio.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mkasa wetu unaofundisha jambo hilohilo kutoka upande wa ukimya. Baada ya saa sita usiku, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliruka kutoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi ikiwa na watu 114. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ripoti ya uchunguzi ilisema kwamba iliruka pasipo kibali cha mnara. Muda mfupi baadaye ikaanguka, na watu wote wakafa. Mabaki yalipatikana baada ya zaidi ya siku moja, katika kinamasi cha mikoko kilomita zisizozidi 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, ilhali utafutaji ulikuwa umeanzia mbali sana na hapo. Kama kungekuwa na mtu anayesikiliza masafa ya Douala usiku ule, angesikia nini? Hakuna wito wa dharura, hakuna kelele, ni ndege iliyoacha kujibu. Chanzo ambacho wachunguzi walikieleza kilikuwa ndani ya chumba cha marubani: katika giza ndege ililala upande wa kulia kidogo kidogo, waliokuwamo wakapotewa na hisia ya juu na chini, na hawakufanya kazi kama watu wawili wanaosaidiana. Hakuna hata chembe ya hayo iliyopita hewani.

Redio inaficha, na pia utulivu wa sauti unadanganya. Alasiri ya tarehe 15 Januari 2009, ndege ya US Airways namba 1549 ilipigwa na kundi la bata bukini muda mfupi baada ya kuruka kutoka LaGuardia, New York, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger alitamka Mayday, neno la kuomba msaada wa dharura. Mwongoza ndege Patrick Harten hakulisikia, maana wakati uleule alikuwa anazungumza yeye. Alichonasa ni sehemu iliyofuata, kwamba wamegonga ndege wa angani na wamekosa nguvu katika injini zote. Hata namba ya ndege rubani aliitaja kimakosa, 1539 badala ya 1549. Baadaye alijibu kwa maneno machache kwamba watakuwa katika Mto Hudson, kwa sauti ya mtu anayetaja kituo anachoshukia. Watu wote 155 waliokolewa. Harten alilieleza Bunge la Marekani kwamba alipoyasikia maneno hayo aliamini anamsikiliza mtu anayekwenda kufa. Aliyesikiliza rekodi bila kujua mwisho angeweza kuidhania dharura kuwa ndogo, kwa kuwa Mayday haikusikika na sauti haikupanda.

Kinyume chake kilitokea New York hiyohiyo tarehe 25 Januari 1990. Ndege ya Avianca namba 52 kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa nzima kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Msaidizi wa rubani aliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha, lakini hakutamka dharura wala Mayday, na waongoza ndege wakalichukulia kama ombi la kawaida katika usiku ambao kila rubani alikuwa na haraka. Ndege iliishiwa mafuta ikaanguka, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba rubani mkuu, kwa Kihispania, alikuwa amemwagiza msaidizi wake aseme kuwa wana dharura, na msaidizi akamjibu kwamba ameshasema. Mawazo ya rubani yalikuwa dharura. Yaliyopita hewani yalikuwa maneno ya upole. Kila mtu anayejua lugha mbili anaielewa hatari hii. Maana inavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ikiwa imepoteza uzito wake, na anayesema hajui kwamba imeupoteza. Tangu mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linawataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wathibitishe kiwango maalumu cha kukizungumza na kukielewa Kiingereza.

Tukishaona jinsi rekodi inavyoweza kupotosha, pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: basi zifungwe. Nchi kadhaa zimechukua njia hiyo. Uingereza, kwa sheria yake ya mawasiliano ya redio, hairuhusu mtu kusikiliza ujumbe usiomhusu, na mazungumzo ya minara yamo humo, ilhali Marekani huruhusu. Wanaotetea kufunga wanasema mwongoza ndege hawezi kufanya kazi vizuri akijua kila neno lake litachezwa mitandaoni. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini tazama kilichotokea San Francisco usiku wa tarehe 7 Julai 2017. Ndege ya Air Canada yenye watu 140 ilijielekeza kimakosa kwenye barabara ya ndege ambako ndege nne zilizojaa abiria na mafuta zilikuwa zinasubiri kuruka. Rubani wake alisikika akiuliza kuhusu taa anazoziona njiani, na mnara ukamhakikishia kwamba njia ni tupu. Ndipo sauti ya rubani mwingine aliyekuwa chini ikauliza huyu anakwenda wapi, yuko juu ya barabara ya ndege. Ndege ilipandishwa tena ikiwa imefika futi 60 hivi kutoka ardhini. Kinasa sauti chake hakikusaidia kitu, kwani siku hizo vinasa vilihifadhi saa 2 tu, na ndege ilirushwa tena kabla ya kinasa kuchukuliwa, kikajifuta. Sauti iliyobaki ni ile ya redio, na ndiyo iliyowafanya watu wa kawaida waelewe jinsi walivyokaribia msiba mkubwa. Mwaka 2024 sheria ya Marekani ikataka vinasa vya kuhifadhi saa 25.

Mfano wa Newark, karibu na New York, una uzito uleule katika upande wa usumbufu wa safari. Tarehe 28 Aprili 2025 waongoza ndege wanaohudumia uwanja huo walipoteza rada na redio kwa takriban sekunde 90. Baadhi yao walichukua likizo kutokana na mshtuko, na kwa siku nyingi abiria waliendelea kucheleweshwa na safari kufutwa. Alfajiri ya tarehe 9 Mei skrini zilizimika tena. Katika rekodi, mwongoza ndege mmoja anamwambia rubani wa ndege ya mizigo kwamba skrini zimekuwa nyeusi tena, na anamsihi aiambie kampuni yake ishinikize ili mambo haya yatengenezwe. Abiria aliyelala sakafuni uwanjani, aliyekuwa ameambiwa tu kwamba kuna kuchelewa, alipata kujua kutoka kinywani mwa mfanyakazi mwenyewe kwamba mitambo imechoka. Redio ikifungwa, kitu cha aina hiyo hubaki ofisini. Na fununu haziondoki kwa kufunga redio; hupotea ile sauti ya kweli ya kuzipima.

Pingamizi la pili ni la utu. Sauti ya mwisho ya mtu ni amana ya familia yake. Kwa nini iwe burudani ya wapita njia? Hapa ni lazima tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Mazungumzo ya redio hutamkwa hadharani, mbele ya kila rubani aliye katika masafa hayo, na msemaji anajua hivyo. Mazungumzo ya ndani ya chumba cha marubani ni ya faragha, ya watu walio kazini wakiwa na hofu zao na utani wao. Sheria ya Marekani inaizuia NTSB kutoa sauti ya kinasa hicho hadharani. Hutoa maandishi tu, na yale yanayohusu ajali pekee. Mpaka huu ni wa haki, na ni kwa ajili yake ninasema redio ibaki wazi huku kinasa cha ndani kikilindwa. Hata hivyo, kuwa wazi si ruhusa ya kufanya lolote. Anayeikata sauti ya mnara, akaiwekea muziki wa huzuni na picha za abiria ili apate watazamaji, hasaidii usalama wa mtu. Mwongoza ndege naye ni mtu. Anarudi nyumbani usiku uleule akiwa na yale aliyoyaona katika skrini yake.

Pingamizi la tatu lina nguvu kuliko yote, na linatoka kwa wale wanaosema lisemwalo lipo. Kwao, uchunguzi rasmi huchukua mwaka au zaidi, wakubwa hulindana, na mwananchi akisubiri ripoti atasubiri kaburini. Heri ahukumu kwa anachokisikia. Wana sababu ya kutoamini. Ndege ya Malaysia Airlines namba 370 ilipopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, wakuu wa nchi hiyo walisema maneno ya mwisho yaliyotoka katika ndege yalikuwa sawa, usiku mwema. Wiki tatu baadaye wakasahihisha: yalikuwa usiku mwema, pamoja na jina na namba ya ndege, jinsi rubani yeyote anavyoagana na mnara. Katika wiki hizo tatu, watu walikuwa wameshasoma siri katika maneno ambayo hayakusemwa. Lakini tujiulize mkasa huo unafundisha nini. Wenye mamlaka walikosea kwa kutoa maneno kwa ulegevu, na umma ulikosea kwa kuyabebesha mzigo mzito kuliko uwezo wake. Dawa yake ni maneno kamili, yaliyothibitishwa, kutolewa mapema.

Japani ilionyesha kwamba inawezekana. Jioni ya tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines ilipokuwa inatua Haneda, Tokyo, iliigonga ndege ya walinzi wa pwani iliyobeba misaada ya tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia. Watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka salama. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Siku iliyofuata, serikali ilitoa maandishi ya mazungumzo ya redio. Kila mtu aliona kwamba ndege ya walinzi iliambiwa iende hadi mahali pa kusubiri, kwamba ni ya kwanza katika foleni, na kwamba marubani walirudia agizo hilo kwa usahihi kabisa. Hakuna kibali cha kuruka katika maandishi yale. Hata hivyo rubani aliyenusurika alisema aliamini amepewa. Marudio sahihi ya mdomo hayakuwa uthibitisho kwamba kichwa kimeelewa. Wala maandishi hayo hayakuonyesha kwamba skrini ya mnara ilikuwa ikitoa onyo la ndege kuwa njiani na hakuna aliyeligundua. Japani haikungoja hukumu ndipo ibadilike: ilisimamisha mara moja matumizi ya maneno ya kutaja namba ya foleni. Huo ndio uharaka unaofaa, wa kutoa ushahidi na kuziba pengo, wakati lawama ikisubiri zamu yake.

Na subira hiyo huzaa. Turudi Potomac. Wale walioridhika na jibu la alfajiri, kwamba helikopta haikutii, hawakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Wachunguzi waliuliza, wakazipitia takwimu za miaka kadhaa, na Machi 2025 wakaeleza kwamba kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 kulikuwa na matukio 15,214 ya ndege na helikopta kukaribiana katika uwanja huo. Walieleza pia kwamba njia ya helikopta na mteremko wa ndege zinazotua upande ule ziliweza kutenganishwa na futi 75 pekee. Hatari ilikuwa imekaa pale kwa miaka, kila usiku, huku redio zikisikika tulivu. Ndiyo maana kanuni za ICAO zinasema lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine isitokee, si kugawa lawama. Aliyempata mkosaji huwa amemaliza kazi yake. Anayetafuta sababu ana mengi ya kuuliza bado.

Mambo haya yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Katika sehemu kubwa za anga la Afrika, ambako mawasiliano na vituo vya ardhini yamekuwa dhaifu, marubani hutangaziana wenyewe mahali walipo na urefu waliopo katika masafa ya 126.9, ili anayekuja upande wa pili ajue. Ni ndugu wakipeana hodi gizani. Anga linalotegemea hodi namna hiyo linahitaji wananchi wanaoelewa thamani ya neno lililotamkwa vizuri, na linahitaji mamlaka zetu za usafiri wa anga ziwe na desturi ya kutoa maandishi ya redio mapema ajali inapotokea, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla nafasi hiyo haijajazwa na wapiga ramli wa mitandaoni.

Basi rekodi itakapokufikia katika simu yako, kama itakavyokufikia, isikilize ukiwa na maswali. Ni nani hasikiki hapa? Wote hawa walikuwa katika masafa mamoja? Agizo lilirudiwa, na likirudiwa, lilieleweka? Ni nani alikuwa amebonyeza kitufe wakati neno hilo linapita? Kisha usiitume kwa mwingine kama jibu. Marubani wa helikopta ile juu ya Potomac walikuwa na sekunde 17, na 0.8 kati ya hizo huenda ziliwatosha kulikosa agizo. Anayesikiliza nyumbani anaweza kuirudisha sauti nyuma, kuisikiliza tena, na kuingoja ripoti. Muda huo wao hawakupewa. Sisi tunao, na haki yao ni kwamba tuutumie.